Bi Bisibisi na Ligi Iliyopotea Miaka Kumi na Tisa

Ijumaa tarehe 28 Novemba, saa kumi na moja jioni, chumba cha matengenezo cha duka letu kitafungwa na mtu aliyekifungua kila asubuhi kwa miaka thelathini na miwili. Jina lake la kwenye mkataba lipo ofisi ya utumishi, lakini wateja, madereva wa mizigo na hata meneja humwita Bi Bisibisi, naye huitika. Anastaafu akiwa fundi mkuu wa mashine za gemu, cheo ambacho hakikuwapo alipoajiriwa, kwa sababu mashine zenyewe hazikuwapo dukani.

Kwa kawaida wasifu katika jarida letu huandikwa na mtu mzima wa idara. Safari hii nimepewa mimi wa mapokezi, niliyemaliza shule mwaka jana, kwa kuwa meza yangu iko mlangoni pa chumba chake na nasikia kila kitu. Rasimu yangu ya kwanza ilijaa sifa tupu. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia, akasema, "Nzuri. Sasa weka na lile kosa. Usipoliweka, usiweke na mimi." Kwa hiyo limo.

Alianza kazi hapa akiuza balbu, nyaya na betri. Duka wakati huo lilikuwa la redio na televisheni, zile nene zenye mgongo mkubwa. Miezi minne baadaye likaletwa sanduku moja la rangirangi, ndani yake mashine ya plastiki ya kijivu, padi mbili za kuchezea zenye waya mfupi, na kaseti moja ya gemu. Maelezo yake yalikuwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Fundi wa redio aliigusa kwa ncha ya kidole akatangaza kwamba yeye anatengeneza vitu vya watu wazima. Muuza balbu akaomba ruhusa ya kujaribu saa ya chakula cha mchana. Alichomeka, akawa anazungusha kitufe cha televisheni katikati ya chenga, mpaka ghafla chenga zikatulia na kidude cha nuktanukta kikaanza kurukaruka. Siku hiyo fundi wa redio alichelewa kurudi kazini kwa dakika arobaini. Alikuwa anacheza.

Mashine ile iliwekwa dirishani ikiwashwa kutwa nzima, na kazi ya kwanza ya Bi Bisibisi katika ulimwengu wa gemu ikawa kufuta alama za pua kwenye kioo. Watu walisimama nje wakitazama mtu mwingine akicheza, wakampigia kelele kana kwamba anawasikia: "Ruka! Ruka wewe! Aa, huyu naye!" Mwezi wa kwanza zikauzwa mashine tatu. Mwisho wa mwaka wazazi walikuwa wanaandikisha majina na kusubiri.

Zilipouzwa zikaanza kurudi zikiwa wagonjwa. Hapo ndipo alipohamia chumba cha nyuma na kupata jina lake, maana alikuwa anatembea na bisibisi ndogo mfukoni mwa aproni kama daktari na kipimajoto. Magonjwa ya enzi zile anayakumbuka mpaka leo. Kubwa lilikuwa la kupuliza. Kaseti ikigoma, kila mtoto wa dunia nzima, bila kufundishwa na mtu, aliichomoa akaipuliza kwa nguvu zake zote. Bi Bisibisi alibandika tangazo mlangoni: MATE YANA CHUMVI, CHUMVI INAKULA SHABA, USIPULIZE. Watoto walilisoma, wakaitikia kwa adabu, wakageuka pembeni wakapuliza. La pili lilikuwa mende. Mashine ina joto, mende hupenda joto, na yeye amewahi kufungua moja akakuta baba, mama na ukoo mzima. Mteja alipouliza tatizo ni nini, alijibiwa, "Una wapangaji."

Akina baba walikuja na hoja yao moja, kwamba gemu huharibu televisheni. Aliwajibu wote jibu lile lile, kwamba kinachoharibu televisheni ni kipigo cha juu mnachoipiga ikileta chenga. Halafu kulikuwa na bibi mmoja aliyeleta mashine "ya wajukuu" kila baada ya miezi miwili, vitufe vimelika upande wa kulia. Mwaka wa pili aliinama kaunta akanong'ona, "Mwanangu, wajukuu walishahama zamani. Fanya haraka, nimeachia katikati."

Kaseti zikapita, zikaja diski zinazong'aa. Watu wakaacha kupuliza, wakaanza kusugua kwa ncha ya shati, jambo ambalo Bi Bisibisi anasema lilikuwa baya zaidi. Diski zikaleta picha ambazo zilifanya wateja watu wazima wawaite wenzao dukani kuja kutazama nyasi za uwanja wa mpira, nyasi tu, zinavyoyumba. Ikaja kadi ya kumbukumbu, kipande cha plastiki kinachotosha kiganjani, ambacho kilihifadhi ulikofika ili kesho uendelee. Kabla ya hapo mtu alizima mashine akapoteza kila kitu, au aliiacha imewaka siku mbili huku ameificha chini ya taulo isionekane na mama yake. Padi zikakata waya. Mashine ikaingia sebuleni, ikatoka chumba cha watoto, baba akaomba zamu. Sasa kuna mashine zisizo na tundu la kitu chochote. Gemu inashuka yenyewe kutoka hewani, na nusu ya wanaokuja kaunta wamebeba mashine nzima kabisa. Naambiwa niwaandike, naandika, halafu yeye anatoka, anaitazama, anasema, "Haiumwi hii. Inasubiri intaneti. Na wewe nenda nyumbani ukasubiri nayo."

Katika miaka hiyo yote alikuwa na desturi tatu ambazo mafundi aliowafundisha wamezirithi. Kila skrubu aliyoikaza aliiwekea tone dogo la rangi nyekundu ya kucha, ili ajue baadaye kama mtu mwingine ameifungua. Kila mashine iliyopona ilichezwa mechi moja kamili kabla ya kutoka, kwa sababu, kama anavyosema, mashine haijapona mpaka mtu amefungwa. Na hakuandika majina ya wateja. Aliandika walivyo. Alikuwa na imani kubwa na macho yake, na aliona majina yanafanana lakini watu hawafanani. Nimeyasoma madaftari yake ya kazi: "Kaka wa kofia, anacheka akiwa na hasira." "Mama wa mapacha, mmoja hulia akifungwa, mwingine hulia akimfunga." "Baba wa miwani, haongei." Na katika daftari la miaka kumi na tisa iliyopita: "Fundi cherehani, cheko kubwa, mashine ya kijivu, haisomi diski."

Huyo ndiye mwenye ligi.

Mwezi wa Septemba tulitangaziwa kwamba chumba cha matengenezo kitageuzwa mahali pa kupokelea vifurushi. Hakuna wa kulaumiwa. Kazi imepungua, na mafundi wawili waliobaki wanahamia tawi kubwa. Ila ukutani kulikuwa na kabati tuliloliita kabati la yatima, lenye mashine ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Zilikuwa ishirini na sita. Bi Bisibisi alikuwa hajawahi kutoa hata nati moja humo ili kuponyesha mashine nyingine, kwa kuwa ni mali ya mtu. Akaamua kuziwasha zote, moja baada ya moja, aone zipi ni nzima zipelekwe kwenye kituo cha watoto na zipi ziende kuyeyushwa.

Jumanne moja nilisikia chumba kimenyamaza. Kwa kawaida anapofanya kazi huzungumza na mashine, huzikaripia. Nilichungulia. Alikuwa amekaa mbele ya televisheni ya majaribio, mikono mapajani. Mashine iliyokuwa imewaka ni ya Baba wa miwani, haongei, ambaye hakurudi kamwe. Kwenye tundu lake kulikuwa na kadi ya kumbukumbu, na kwenye kadi kulikuwa na msimu mzima wa mpira, misimu minne kwa kweli, miaka ya kucheza, na timu mbili ambazo wenyewe walikuwa wamezipa majina. Sindano na Nyundo.

"Vuta kiti," aliniambia. "Njoo uone nilichomfanyia mtoto wa watu."

Alinieleza yote hapo hapo. Miaka kumi na tisa iliyopita fundi cherehani mmoja alileta mashine iliyokuwa yake na kaka yake, seremala. Walikuwa wanaishi nyumba moja tangu wazazi wao wafariki, na kila Jumamosi walicheza mechi moja tu, si mbili, ili ligi idumu. Yeye alikuwa Sindano, kaka yake Nyundo. Siku ambayo mashine ilipona, ilikuwa juu ya meza pamoja na nyingine ya aina ile ile, rangi ile ile, ya yule baba wa miwani. Bi Bisibisi alikuwa amekwisha kuijaribu na kufungwa mechi yake. Kisha umeme ukaanza kukatika na kurudi, kukatika na kurudi. Umeme wa namna hiyo unaweza kuunguza kadi, kwa hiyo alichomoa kadi zote mbili, akazitia mfukoni mwa aproni. Umeme ulipotulia, akazirudisha. Kadi mbili za kijivu, zinazofanana kama mayai. Hakucheza tena mechi ya kujaribu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuicheza.

Kadi ya yule baba ilikuwa mpya, haina kitu. Ndiyo iliyokwenda nyumbani kwa Sindano na Nyundo.

Yule fundi cherehani alirudi kesho yake bila cheko. Aliuliza kaunta kama huku tumefuta kitu. Bi Bisibisi, mbele ya wateja, alimjibu kwa sentensi aliyokuwa akijivunia: "Hapa hatufuti, dada. Uliza nyumbani kwako." Na nyumbani, msimu wa nne ulikuwa umebaki mechi tatu, Nyundo anaongoza, na aliyekwenda kuchukua mashine dukani alikuwa dada. Kaka alifanya hesabu yake. Dada akaapa. Kaka akasema kama si fundi na si yeye, basi ni nani? Bi Bisibisi alipata kusikia miezi kadhaa baadaye, kwa mteja mwingine, kwamba ndugu wale wamehama kila mtu kivyake. Alisikitika kama mtu anavyosikitikia habari za majirani. Hakufikiri kwamba inamhusu.

"Nimemwitia mwizi ndani ya nyumba yake," alisema, akazima televisheni.

Zilikuwa zimebaki wiki saba za kazi. Alisema hatastaafu akiwa na deni hilo, na kwa kuwa hatukuwa na jina wala namba, tulikuwa na kitu kimoja tu cha kumtafutia, yaani cheko. Kila mchana alitoka saa ya chakula akaenda kwa mafundi cherehani, mtaa baada ya mtaa. Na kwa kuwa kwa fundi mwenzako huingii mikono mitupu, kila alikokwenda alibeba nguo ya kurekebisha. Kufikia katikati ya Oktoba sketi zake zote zilikuwa zimefupishwa, na mafundi wetu wawili wakaanza kumtania kwamba bibi anarudi usichana. "Nacheka nanyi," aliwajibu, "ila nikimaliza sketi naanza na suruali zenu."

Hakumpata mwenye cheko. Alipata mafundi wacheshi, wapole, wakali, mmoja aliyekuwa anaimba. Wa tisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye duka dogo nyuma ya stendi, aliyepima sketi bila kusema neno zaidi ya "Ijumaa." Bi Bisibisi alimwondoa kwenye orodha. Ijumaa alirudi kuichukua. Fundi aliinama kutafuta sketi, na pembeni ya cherehani, chini ya kitambaa, kulikuwa na kitu cha mraba ambacho juu yake pamewekwa mto wa pini. Kitambaa kilisogea. Plastiki ya kijivu, na kwenye skrubu ya pembeni tone jekundu lililofifia.

Nilimsindikiza siku hiyo kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na mwavuli ulikuwa wangu, ndiyo maana naweza kuandika walichosema.

"Hiyo mashine niliifunga mimi," Bi Bisibisi alisema.

Fundi cherehani alikunja sketi, akaipanga vizuri kwenye mfuko kabla ya kujibu. "Nilikujua tangu ulipoingia mara ya kwanza, mama. Nikasema ngoja nione kama atanikumbuka. Ukanipa sketi."

"Nilikuwa natafuta mtu anayecheka."

"Utakuwa umechoka."

Bi Bisibisi hakukaa ingawa alikaribishwa kiti. Alisema kosa lake lote akiwa amesimama, kuanzia umeme mpaka mfuko wa aproni, bila kutaja joto la siku hiyo wala wingi wa kazi. Kisha alitoa kadi mfukoni, ikiwa imefungwa kwenye leso, akaiweka juu ya mto wa pini. Fundi cherehani aliitazama lakini hakuigusa.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Harusi ya kaka yangu nilishonea wasimamizi wote, nguo nikazituma kwa mtu. Sikualikwa. Mtoto wake wa kwanza namjua kwa picha. Ukija ukiniambia pole, mimi pole nitaivaa?"

"Hapana."

"Basi niandikie. Niandikie kwa karatasi yenu, yenye muhuri. Kaka yangu haamini mdomo. Hata huo wa kwangu hakuuamini."

Barua ile niliichapa mimi. Rasimu ya kwanza niliandika kwamba huenda kadi mbili zilibadilishana wakati wa matengenezo. Bi Bisibisi alisoma, akaweka kidole kwenye neno moja. "Kadi hazina miguu," alisema. "Andika: nilizibadilisha. Na hiyo huenda iondoe, haina kazi hapa." Nikaiondoa. Meneja alipoletewa barua apige muhuri, alisita. Alisema kwa upole kwamba kampuni haiwezi kukiri kosa la miaka kumi na tisa ambalo hakuna aliyelilalamikia kwa maandishi. Bi Bisibisi alimkumbusha kwamba yule fundi cherehani alikuja kulalamika kwa mdomo, kaunta, na akafukuzwa. Akaongeza kwamba kama muhuri ni mzito, ana kidole gumba na wino upo. Meneja alipiga muhuri, na tunaandika hapa kwa heshima kwamba aliweka na sahihi yake chini.

Fundi cherehani aliipiga picha barua hiyo, akamtumia kaka yake katika mji mwingine, kwenye namba aliyopewa na shangazi yao. Alama zilionyesha kwamba imesomwa. Haikujibiwa siku hiyo, wala kesho, wala keshokutwa. Siku hizo Bi Bisibisi alivunja vikombe viwili vya chai. Kila simu ya mapokezi ilipolia, aliitazama kupitia mlangoni, na mimi nilitikisa kichwa. Siku ya nne alipita asubuhi duka la nyuma ya stendi, akarudi akasema tu, "Ameniambia nisije tena mpaka aniite." Nilimwona amechukua rangi nyekundu ya kucha akaanza kutia matone kwenye skrubu za kabati tupu.

Jumatano ya wiki iliyofuata, saa tisa alasiri, mwanamume mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye viatu aliingia dukani akiwa na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Aliuliza anayeitwa Bi Bisibisi ni nani. Nilisahau kumwandika. Alifungua gazeti kaunta. Ndani yake kulikuwa na padi ya kijivu, ya waya, ile ya mchezaji namba mbili.

"Siku niliyohama niliondoka nayo," alimwambia Bi Bisibisi. "Nilisema asije akapata mtu mwingine wa kucheza naye. Mtu mzima mimi, naiba padi. Inafanya kazi?"

Bi Bisibisi aliifungua, akaisafisha vitufe, akaifunga. Mimi nilipiga simu duka la nyuma ya stendi. Sikujua niseme nini, nikasema tu, "Dada, Nyundo yuko hapa." Upande wa pili cherehani ilinyamaza.

Alikuja na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, mashine kwapani, ile leso yenye kadi mkononi. Walisimama, mmoja upande huu wa meza ya majaribio, mwingine upande ule. Tulidhani watalia. Kaka ndiye aliyeanza.

"Umenenepa."

"Na wewe umepata kipara."

"Mke wangu anasema nisipokuomba radhi nisirudi nyumbani."

"Kwa hiyo umetumwa."

"Barua niliisoma siku ile ile. Nilishindwa niandike nini. Kila nikiandika nafuta."

Kisha dada akasema, "Sasa si umeona? Anayefuta ni wewe," na akacheka. Nathibitisha kwamba daftari la kazi halikutia chumvi. Cheko lile lilisikika mpaka idara ya friji, na watu wawili walikuja kuuliza kuna nini.

Bi Bisibisi alichomeka mashine, akatia kadi. Msimamo wa ligi ukatokea. Nyundo anaongoza kwa alama mbili, mechi tatu zimebaki. Dada aliinama karibu na kioo.

"Hii si kweli. Nilikuwa mbele yako."

"Miaka kumi na tisa umewaambia watu ulikuwa mbele?"

"Nimewaambia."

"Hata shangazi?"

"Shangazi nilimwambia nilikuwa bingwa."

Kaka aliomba wacheze hapo hapo. Dada alikataa. Alisema ligi yao ni ya kochi moja, si ya viti vya dukani, na mechi ni moja kwa Jumamosi kama zamani. Siku hizi kaka angeweza kucheza akiwa kwake na yeye akiwa kwake, kila mmoja na kioo chake, na meneja alijaribu kuwauzia mashine ya namna hiyo, tunamsamehe, ni kazi yake. Walikataa wote wawili kwa pamoja.

Bi Bisibisi alilitafuta daftari la mwaka ule. Kwenye mstari wa fundi cherehani palikuwa pameandikwa "Imepona, imechukuliwa." Aliyakata maneno hayo, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu tarehe ya siku hiyo na "Sasa ndiyo imepona." Kisha akauliza jina lake, dada wa watu, na kwa mara ya kwanza katika madaftari kumi na saba, akaliandika. Hatutalichapisha. Ni la daftari.

Mengine ya kustahili kuandikwa ni mengi. Amefundisha mafundi kumi na mmoja, na watatu wana karakana zao. Mashine kumi na tisa za kabati la yatima zimepona na ziko kituo cha watoto, na yeye mwenyewe alikwenda kuwaonyesha jinsi ya kushika diski bila kuigusa uso. Hajawahi kuchelewa kazini isipokuwa siku aliyojifungua mtoto wake wa pili, na hata siku hiyo alituma ujumbe kwamba mashine ya mezani isiguswe. Mume wake, ambaye tulimwomba neno moja, alisema amefurahi, lakini anauliza ni nani atakayelipia kurefusha sketi.

Kaka na dada wamekwisha kucheza mechi mbili. Kila Ijumaa jioni seremala anapanda basi, na Jumamosi wanakaa kochini. Ya kwanza ilikuwa sare. Ya pili dada alishinda, na kwa hesabu yao sasa Sindano yuko mbele kwa alama moja, kwa mara ya kwanza kwa kweli. Ya tatu, ya mwisho, ilikuwa ichezwe Jumamosi iliyopita. Hawakuicheza. Kaka alikuja na mke na watoto, wakala, wakazungumza mpaka basi la jioni, na mashine haikuwashwa. Wameiahirisha mpaka tarehe 29, siku ya kwanza ambayo Bi Bisibisi hatakuwa na kazi, na wamemwomba aje akae kochini, katikati. Ameniambia ataenda. Ameniambia pia kwamba anaogopa kidogo, kwa sababu hajui kama ndugu wale wakimaliza ligi watapata sababu nyingine ya kukutana. Nilimwambia kuna kitufe cha kuanza msimu mpya. Alinitazama kama ninayeuza kitu. "Kipo," alisema. "Nitawaonyesha kilipo."

Bi Bisibisi, asante kwa miaka thelathini na miwili, kwa kila kilichopona mkononi mwako, na kwa kile ambacho hakikupona ukarudi kukitafuta. Sisi tunaobaki tutaandika majina. Wewe nenda ukapumzike, mama, na maisha yako ya mbele yawe na Jumamosi nyingi.